Hapana, siko Paris: leo nawaonyesha kijiji ninachoishi

Haya, habari zenu wapendwa, shikamooni wakubwa zangu. Leo sikupanga kurekodi, koo lenyewe limekauka, ila lile swali limenichosha. Nikiweka video tu, hata chai sijamaliza, mtu keshaandika: "Dada, Ufaransa gani hiyo, nyuma yako ng'ombe na nyumba za mbao? Mnara uko wapi?" Wengine wameshakata shauri kwamba nimefeli maisha, nimejificha porini. Nikionyesha theluji, wale wale wanasema naringa. Sasa nishike lipi?

Naishi Saint-Véran, bonde la Queyras, kusini-mashariki mwa Ufaransa. Ukivuka milima hiyo ya nyuma yangu unaingia Italia. Kijiji kiko mita 2,000 na ushee kutoka usawa wa bahari. Wenzangu wa Makete najua mnacheka, maana uwanda wa Kitulo unafika mita 2,600. Sawa, mmetuzidi. Lakini baridi ya Kitulo unaimaliza kwa sweta na chai ya tangawizi. Huku tuko mbali na ikweta, kwa hiyo hata chini ya urefu wa Kitulo theluji inakufungia mlango.

Ngoja nigeuze kamera. Mnaona nyumba zote zimetazama upande mmoja? Zinatazama kusini, zinaota jua. Chini ni mawe, juu ni magogo yaliyolaliana. Mti wenyewe unaitwa mélèze, ndugu ya msonobari, ila huu unapukutisha majani ikikaribia baridi. Ghorofa ya juu ilikuwa ya nyasi kavu za mifugo na ya rai, nafaka kama ngano inayovumilia baridi. Ilikuwa inavunwa haijakauka vizuri, ikamalizikia kukauka kwenye hizo roshani. Na pale chini, majira ya baridi, familia na mifugo walilala chumba kimoja. Ng'ombe ndiye alikuwa hita. Kwa hiyo ukiniandikia "unaishi na ng'ombe", mama, hujanitukana, umesimulia historia.

Halafu nilipofika nilidhani hapa kuna ukoo na ukoo hawaongei, kwa jinsi nyumba zilivyojikusanya mafungu mafungu na kuachana nafasi. Kumbe ni moto! Nyumba za mbao, nyasi kavu juu, cheche moja tu kijiji kizima kinaondoka. Wakaacha nafasi ili likiungua fungu moja, mengine yapone. Kila fungu lilikuwa na tanuri lake la mkate na chemchemi yake.

Sasa kuna kitu nimekipenda, na ndicho kimenifanya nirekodi. Mwaka 1343, tarehe 29 Mei, vijiji vya milima hii viliungana vikanunua uhuru wao. Nasema vilinunua, kwa hela. Mtawala wa Dauphiné, jimbo la huku enzi hizo, aliitwa Humbert II, naye alikuwa na madeni; wakulima wakamlipa sarafu za dhahabu, florini 12,000, na kuahidi malipo mengine ya kila mwaka. Wakapewa hati: wachague viongozi wao, wagawane kodi wenyewe. Wakaiishi hivyo mpaka mapinduzi ya 1789 yalipofuta kila upendeleo. Wachunga ng'ombe hao!

Wao walilipa wakapewa hati. Mimi naomba kibali tu cha kuishi hapa: nimelipa, nimepeleka cheti cha kuzaliwa, kikakataliwa, nikatafuta mfasiri aliyeapishwa, nikalipa tena, na nilichopewa ni kijikaratasi kinachosema karatasi yenyewe inakuja. Miezi inakatika. Miadi unaiomba mtandaoni, unaamka saa tisa usiku kuvizia nafasi kama unavizia samaki. Siku ya miadi nikashuka na basi la asubuhi, safari nzima tumbo linauma. Dada wa dirishani akaniambia picha yangu ina kivuli. Kivuli! Nikarudi. Nauli, siku ya kazi, vyote maji. Na siku hiyo hiyo binamu ananitumia ujumbe, "dada wa Ulaya, nikumbuke." Nikukumbuke na nini, kivuli?

Basi, narudi. Ardhi hii haikuwahi kutosha, na msimu wa baridi mashambani hamna kazi. Wanaume walishuka mabondeni kutafuta, na watu wa milima hii walisifika kwa kusoma. Wengine waliuza ualimu kwenye magulio, wamechomeka manyoya ya kuandikia kwenye kofia. Unyoya mmoja, anafundisha kusoma. Wa pili na wa tatu, anaongeza masomo. Mtu anasimama sokoni na CV yake kichwani! Mimi nilipita nyumba za wageni tatu na bahasha mkononi kuomba kazi ya kutandika vitanda, sasa nani ananicheka?

Wengi hawakurudi. Miaka ya 1830 hapa waliishi watu zaidi ya 800, leo hawafiki 300, na kinachoweka mkate mezani zaidi ni watalii wa kuteleza kwenye theluji na wa kupanda milima.

Mnaouliza "nije?" mimi sijui mfuko wako. Nasema yangu tu. Chumba kimekuja na kazi, ndiyo maana napumua. Lakini kuni nanunua. Gari bovu nililopata, sheria ya milimani inataka kuanzia 1 Novemba mpaka 31 Machi liwe na matairi ya theluji au minyororo ndani ya buti. Matairi manne yalikula mshahara wangu mpaka nikala makaroni wiki mbili. Mwenzangu mmoja yuko hapa na anaweka akiba vizuri tu, kwa hiyo usije ukasema fulani amenikatisha tamaa. Wala silalamiki. Asubuhi kama hii, jua limegonga ule ukuta wenye saa ya kivuli iliyochorwa, hakuna kelele, nasikia njuga za...

Subirini. Mnasikia huo mngurumo? Hilo ni greda la theluji. Linasafisha barabara, na theluji yote linaisukumia nyuma ya gari langu, kila asubuhi hivyo hivyo, na zamu yangu inaanza saa mbili. Beleshi liko wapi?