MX-5 ya zamani: uchukue ya mwaka gani? Hesabu mikato ya puli kwanza

Jambo bandugu, bayaya, bamama, karibuni tena garajini, Lubumbashi. Wengi mmeniandikia: nataka Mazda MX-5 ya zamani, kile kigari cha spoti cha viti viwili, nichukue ya mwaka gani? Leo tunayo moja hapa, nyekundu, na mwenye kuiuza ameketi pale kivulini, hanitoi macho. Muzee, usiogope, hatuivunji.

Tunaongea kizazi cha kwanza tu, kile kilichoonyeshwa Chicago Februari 1989 kikaisha 1997. Taa zinachomoza, ona... moja imechomoza, nyingine imelala. Tutairudia. Kizazi kilichofuata taa zake hazichomozi, mimi sikitaki hata kwa bure. Aa, kwa bure nitachukua.

Volani iko kushoto, vizuri, maana sisi hapa tunapita upande wa kulia. Ukiona jina Eunos Roadster, hiyo ilitengenezewa soko la Japani, volani kulia. Ukivuka Kasumbalesa kwenda Zambia itakufaa. Lakini barabara ya Likasi, nyuma ya lori la shaba, utamwuliza abiria wako kama njia ni nyeupe. Na kama abiria amelala?

Kapo, kifuniko cha motere. Fungua. Ee, unajua kufungua kapo.

Motere ya kwanza ni ya lita 1.6, nguvu za farasi 115. Mwaka 1994 ikaja ya 1.8, kama farasi 130, breki kubwa zaidi na difu ya nyuma, zile giya zinazogawa nguvu kwa matairi mawili, ngumu zaidi. Sasa angalieni mtego: Ulaya waliirudisha 1.6 kama gari la bei ndogo, wakaipunguza nguvu hadi farasi 90. Kwa hiyo 1.6 ya 1996 kutoka Ubelgiji ni changa kwa makaratasi, lakini inakimbia polepole kuliko ya 1992. Usilipie uchanga huo.

Haya. Hapa ndipo pa kazi, msiruke.

Zima motere. Toa ufunguo, tia mfukoni. Feni ya radiata ni ya umeme, na vidole vyako vitakuwa karibu nayo. Ufunguo mfukoni! Chukua tochi na kioo kidogo, kile cha mkoba wa mama, omba ruhusa. Teremsha kioo kati ya radiata na motere, utaona puli, gurudumu dogo la mkanda, mbele ya krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Kuzunguka bolti ya katikati kuna mikato. Mikato 4 ni krankshafti ya zamani, yenye pua fupi, yaani ncha yake ya mbele, iliyokuwa kwenye magari ya mwanzo mpaka katikati ya 1991. Mikato 8 ni ile waliyoimarisha.

Lakini safisha kwanza! Vumbi letu jekundu likichanganyika na oili linajaza mikato mpaka unaiona nusu. Brashi ya meno, petroli kidogo, pangusa, ndipo uhesabu. Usihesabu kabla ya kupangusa. Kijana, sogeza simu... si kwangu, kwenye kioo. Giza. Tochi chini kidogo. Hapo! Moja, mbili, tatu... nne. Ngoja nipanguse tena. Nne.

Muzee, makaratasi yanasema 1992?

Mnaona, bandugu. Mwaka wa kuandikishwa si mwaka wa kutengenezwa. Gari linaweza kukaa kwa muuzaji muda mrefu kabla ya kupata namba yake ya kwanza. Puli haijui makaratasi.

Je, tunaikimbia? Hapana. Pua fupi inaharibika hasa pale fundi alipobadilisha mkanda wa taimingi, ule unaofungua vali kwa wakati wake, halafu hakukaza bolti sawasawa. Kile kichuma kidogo kinachoshika puli kinaanza kucheza, kinakula nafasi yake, taimingi inasogea, gari linapoteza nguvu. Basi washa motere, mikono mbali, rekodi puli kwa mwendo wa polepole. Tazama... inazunguka imenyooka. Ingekuwa inayumba, ningefunga kapo na kumuaga muzee. Ule mlio wa tik-tik juu usikutishe sana, mara nyingi ni oili ya zamani.

Mkanda wenyewe hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, vali na pistoni hazigongani kwenye motere hii, gari linasimama tu. Ndiyo maana naipenda.

Kutu, haraka: piga magoti, gusa chini ya mlango, mbele ya tairi la nyuma. Nyuma ya viti kuna tundu za kutolea maji ya mvua. Gari likilala chini ya muembe, majani yanaziba, na kuanzia Novemba maji yanashuka huko ndani na kula bati. Hapa... kidole hakizami. Safi.

Mimi ningechagua nini? 1.6 ya 1992 au 1993 yenye mikato 8, kwa sababu motere yake inapenda kuzungushwa kwa kasi. Kama unabeba mtu na mizigo kwenda Likasi kila wiki, 1.8. Hii ya mikato 4 nitaichukua kwa bei ya mikato 4. Vioo vile nauza, viko mezani kwangu Kamalondo.

Kijana, zima kamera. Muzee, tuongee bei, na ile taa iliyolala tuitie humo humo.