Jua la saa ngapi, chumba kipi?

Mabibi na mabwana, mwulize mkazi yeyote wa ghorofa kama anapenda jua nyumbani kwake, atajibu ndiyo. Jibu hilo halimfai msanifu. Mwulize chumba kipi na saa ngapi, ndipo utamwelewa: analitaka asubuhi jikoni na kwenye roshani ya kuanikia nguo, halitaki alasiri chumbani anakolala.

Kanuni nyingi huhesabu saa tu. Kiwango cha Ulaya cha mwanga wa mchana majengoni, EN 17037 cha mwaka 2018, huanzia saa 1.5 za jua la moja kwa moja, katika siku moja iliyochaguliwa kati ya Februari 1 na Machi 21. Kwa nchi za baridi hesabu hiyo ina maana. Kwenye latitudo 40, adhuhuri ya siku fupi kuliko zote, jua hufika nyuzi 26.6 tu juu ya upeo wa macho, na jengo la mita 30 hutupa kivuli cha mita 60. Kwenye ikweta kivuli cha adhuhuri hakizidi mita 13 mwaka mzima. Huko malalamiko ni joto la jua la alasiri, litokalo magharibi.

Na joto hilo halizuiliki kwa kibaraza kilichopachikwa juu ya dirisha. Saa kumi alasiri jua limeshuka hadi nyuzi 30 hivi. Kufunika dirisha la kimo cha mita 1.5 kungehitaji kibaraza cha mita 2.6. Weka vibao vya wima vinavyozungushwa, tena nje ya kioo. Vikikazwa vikielekea magharibi moja kwa moja, jua hupenya katikati yake. Pazia la ndani nalo limechelewa, kwa kuwa joto limeshavuka kioo.

Kosa linaloniudhi zaidi ni la faragha. Madirisha yakitazamana kwa mita chache, mkazi hufunga pazia kutwa. Kwenye mchoro ana saa tatu za jua. Nyumbani hana hata dakika moja. Kwa hiyo, kabla ya kugawa dodoso la kuwauliza wakazi kuhusu jua, simameni nje asubuhi, adhuhuri na alasiri, mkahesabu mapazia yaliyofungwa, ghorofa kwa ghorofa. Majibu ya wakazi wa chini msiyachanganye na ya wa juu mkatoa wastani: wa chini wanaomba jua, wa juu wanaomba kivuli, na wastani wao utasema wote wameridhika.