"Rice" ipi? Mpunga, mchele na wali kwa Kijapani

Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo.

Naanza na sentensi fupi ya Kiingereza: "There is no rice." Mtoto karudi kutoka shule ana njaa, mama yake anamwambia hivyo. Kila ninapowapa wanafunzi waifasiri kwa Kijapani, swali la kwanza ni lile lile: "Mwalimu, rice kwa Kijapani ni nini?" Swali hilo ndilo linalotuharibia kazi. Niambieni kwanza mama huyu angesemaje kwa Kiswahili. Hakuna mchele, au hakuna wali?

Mmesita, na mna haki ya kusita. Kama hakuna wali, pengine wadogo zake wamekomba sufuria. Atatafutiwa kitu kingine, jioni utapikwa mwingine. Kama hakuna mchele, debe ni tupu na nyumba ina shida. Mjapani naye anasita hapo hapo. Wali ni gohan, mchele ni kome. Gohan ga nai. Kome ga nai. Hizo ni hadithi mbili, na Kiingereza kimezifunika kwa neno moja. Mfasiri hana budi kurudi nyuma kurasa mbili tatu, aangalie kama mwandishi alitaja sufuria au gunia.

Kinachoniuma ni kwamba maneno haya tumekua nayo, kisha tunajifunza Kijapani kwa vitabu vya Kiingereza na kuyasahau. Kamusi imeandika "rice" mara tatu, mwanafunzi anakariri maneno matatu bila kujua yanatofautianaje. Andikeni kwenye daftari: ine ni mpunga, kome ni mchele, gohan ni wali. Msipitie kwa Mwingereza kumtafuta Mjapani ambaye ni jirani yenu.

Ila hata majirani hutofautiana. Mpunga wetu ni mmea uliosimama kwenye jaruba, na ni punje zenye maganda zinazosubiri kukobolewa. Mjapani anatenganisha: mmea ni ine, punje zenye maganda ni momi. Gunia la mpunga ukiliita gunia la ine, msomaji ataona mabua yameshindiliwa ndani ya gunia. Jaruba lenyewe ni ta, au tanbo, bila kutaja mpunga wala mchele. (Hiyo ta, ikitamkwa da, ndiyo imo kwenye jina Honda mnaloliona kila siku barabarani.)

Gohan nayo ina upana wake. Mama wa Kijapani akiita "Gohan da yo!" anasema chakula tayari, hata kama mezani kuna tambi. Asagohan ni chakula cha asubuhi, na kinaweza kuwa mkate na yai. Kisha wali huo huo ukipakuliwa kwenye sahani bapa, mgahawani, pembeni ya nyama na uma, mara nyingi huitwa raisu. Ndiyo, neno la Kiingereza limerudi, lakini limerudi na sahani yake.

Vitenzi vinataka uangalifu zaidi. Kuosha mchele ni togu, kitenzi kile kile cha kunoa kisu. Mpishi hutia maji kidogo, akazisugua punje kwa kiganja, zikasuguana zenyewe kwa zenyewe, maji yakawa meupe kama tui; akamwaga, akarudia. Ukiandika arau, kuosha tu, utaeleweka. Lakini aliyekulia jikoni anasubiri togu, na akiisikia anauona mkono.

Historia pia inatusaidia. Mwaka 1918 wake wa wavuvi wa Toyama, mkoa wa pwani huko Japani, walijaribu kuzuia shehena ya mchele isipakiwe melini, kwa sababu bei ilikuwa imepanda mno, na machafuko yakaenea nchini. Wajapani wanayaita kome sōdō, machafuko ya mchele. Huwezi kuweka gohan pale: kilichokuwa kinapakiwa hakikuwa kimepikwa, na hicho ndicho wanawake wale walichokikosa.

Sasa fungueni karatasi zenu. Sentensi ya kwanza: bibi kizee anatembea barabarani jioni, anasikia harufu ya "rice". Kamusi iacheni imefungwa kwanza. Someni aya iliyotangulia, kisha mniambie: barabara hiyo inapita kando ya mashamba, au chini ya madirisha ya watu?