Fimbo Ikunje Ungali Dukani

BARAKA: Wasikilizaji karibuni. Leo sina salamu ndefu, nimekuja kushitaki fimbo yangu ya kuvulia samaki.

SALMA: Imekukosea nini tena?

BARAKA: Imenipotezea samaki saba wa aina ya besi kwa asubuhi moja. Saba, dada Salma, niliwahesabu. Natupa jigi ya bamba, kile chambo bandia, juu ya magugu ya majini, samaki anakuja, namsikia kabisa mkononi, napiga, uzi unarudi mtupu. Wa nane nikampata, na huyo nadhani alijihurumia mwenyewe.

SALMA: Ulikuwa unapiga wakati gani?

BARAKA: Wakati gani tena? Pale pale ninapomsikia.

SALMA: Hapo kesi yako imeanza kuyumba. Fimbo yenyewe ikoje?

BARAKA: Grafaiti tupu, yaani nyuzi za kaboni. Futi saba, imeandikwa MH, yaani medium-heavy, ngumu kiasi, mkunjo wa haraka. Muuzaji aliniambia ni tani 40, nikaona basi, nimefika.

SALMA: Na uzi?

BARAKA: Wa kusuka, wa kuhimili paundi 50.

SALMA: (anacheka) Nisamehe, kaka. Endelea, endelea.

BARAKA: Cheka tu, lakini unieleze. Maana nimesikia watu wawili wanabishana juu ya jambo hili hadi wakasusiana. Mmoja anasema jigi ya bamba ni kazi ya fimbo ya faibaglasi, mwenzake anasema bila grafaiti utakuwa unavua kipofu.

SALMA: Wote wawili wana haki, ndiyo maana hawaelewani. Ngoja tuanze na jigi yenyewe, wapo wanaotusikiliza ambao hawajaishika. Ni kichwa cha risasi chenye ndoano moja nene na sketi ya nyuzi za mpira. Mbele ya kichwa pananing'inia bamba la chuma, na uzi unafungwa kwenye kishikizo kilicho mbele ya bamba. Ukivuta, maji yanalisukuma bamba kushoto, linarudi kulia, linagonga kichwa, na jigi nzima inatetemeka. Huko South Carolina, Marekani, Ron Davis na mwanawe ndio waliotengeneza ile ya kwanza iliyopata jina, ChatterBait. Mwaka 2006 Bryan Thrift akashinda nayo mashindano katika ziwa Okeechobee, Florida, na baada ya hapo kila mvuvi wa besi akaitaka.

BARAKA: Na ule mtetemo unaufuata uzi mpaka kwenye kiganja.

SALMA: Ndiyo habari yote hiyo! Mtetemo ndio macho yako chini ya maji. Bamba likicheza vizuri, mkono unasikia kama simu inayolia ndani ya mfuko. Mtetemo ukizimika na uzito ukabaki pale pale, umeokota gugu. Ukizimika na uzi ukalegea ghafla, samaki ameichukua na anaogelea kuja kwako. Na mara nyingine haukatiki, unabadilika tu, unakuwa mzito na wa pole, kama mtu ameweka kidole juu ya ngoma. Huyo ni besi, na hajui bado kama ameshika kitu kibaya.

BARAKA: Sasa hapo faibaglasi inashindwa.

SALMA: Haishindwi, inanong'ona. Grafaiti inasema. Faibaglasi ni nzito na inameza mtetemo, kwa hiyo utasikia samaki aliyegonga kwa hasira, lakini yule anayenyonya polepole atakupita. Na kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau: magugu. Jigi ikinasa kwenye magugu unatakiwa uinyakue kwa nguvu ijikwamue, na mara nyingi besi anaipiga sekunde ile ile inapochomoka. Fimbo ya faibaglasi ukiinyakua inajikunja kwanza yenyewe, inakunjika weee, jigi iko pale pale. Grafaiti inachomoa.

BARAKA: Basi nina haki mimi. Grafaiti.

SALMA: Una nusu ya haki. Fikiria besi anavyokula. Haumi kama mbwa. Anafungua mdomo na kuyavuta maji, na chambo kinaingia pamoja na maji. Ndipo anafunga na kugeuka. Yote hayo ni kufumba na kufumbua, lakini si sifuri. Fimbo yako ngumu imekupa habari mapema mno, na mkono wako ukajibu mapema mno. Uzi wa kusuka nao hauvutiki hata kidogo. Umemnyang'anya chakula kabla hajafunga mdomo.

BARAKA: Kwa hiyo nimeadhibiwa kwa kusikia vizuri.

SALMA: Kwa kuwa na haraka. Watu wa faibaglasi wanampata yule samaki kwa sababu fimbo yao inachelewa kwa niaba yao. Ncha inafuata samaki, inapinda hadi katikati, na mvuvi akishtuka ndoano imeshaingia ndani. Sasa swali la kununua grafaiti kwa ajili ya jigi ya bamba ni hili tu: ni ipi inayosikia kama grafaiti lakini inapinda kama ina subira?

BARAKA: Na ipo?

SALMA: Zipo nyingi, ila watu wanazikwepa kwa sababu ya namba. Wewe uliuziwa tani 40.

BARAKA: Hiyo namba inamaanisha nini hasa? Nisije nikawa nilinunua mzigo wa kubeba.

SALMA: Ni kipimo cha ukakamavu wa nyuzi za kaboni, kinaitwa modulasi. Utaona 24, 30, 36, 40 na kuendelea. Namba ikipanda, uzi mmoja wa kaboni unakuwa mkakamavu zaidi, kwa hiyo mtengenezaji anahitaji kaboni kidogo kupata ugumu ule ule. Fimbo inakuwa nyepesi, ukuta wake mwembamba, inasikia sana, na haipendi kugongwa. Namba si kipimo cha ubora. Na zile IM6, IM7, IM8 unazoziona zimeandikwa kwa mbwembwe, asili yake ni majina ya nyuzi za kampuni moja, Hercules, ambazo baadaye zilichukuliwa na Hexcel. Wengine wameyaazima wakayatumia wapendavyo. IM8 ya huyu na IM8 ya yule huwezi kuzipanga kwenye mizani moja.

BARAKA: Mimi nilifikiri ni kama madarasa ya shule.

SALMA: Wengi hufikiri hivyo. Kwa jigi ya bamba mimi hukaa kwenye 24 hadi 30, na sioni haya. Kaboni ya namna hiyo inapinda kwa utulivu, inastahimili kugongwa na ukingo wa mtumbwi, na mtetemo wa bamba si siri ndogo kiasi cha kuhitaji tani 40 kuusikia. Ungekuwa unaburuta mnyoo wa plastiki juu ya mawe ningesema tofauti.

BARAKA: Sawa. Sasa mkunjo. Hapa ndipo mimi huchanganyikiwa, kwa sababu fimbo ina MH na bado ina mkunjo.

SALMA: Ni vitu viwili. MH ni uwezo, yaani inahitaji nguvu kiasi gani ndipo ipinde. Mkunjo ni mahali inapopindia. Mkunjo wa haraka: ncha tu ndiyo inayopinda, chini yote mti. Mkunjo wa kati: inapinda kufikia nusu. Jigi ya bamba inataka MH, kwa sababu ile ndoano ni moja na ni nene, haiingii kwa kubembelezwa. Hapo ndipo inapoachana na chambo kigumu cha kuzamia chenye ndoano ndogo za meno matatu, kile unakivutia fimbo laini na samaki anajichoma mwenyewe. Kwa hiyo uwezo uwe MH, lakini mkunjo uwe wa kati, au kati ya kati na haraka. Mgongo chini, subira juu.

BARAKA: Na muuzaji akikuambia "hii ni mkunjo wa kati," unamwamini?

SALMA: Simwamini hata yule anayeniuzia kila siku. Kila kampuni ina kati yake. Waswahili wamesema samaki mkunje angali mbichi, mimi nasema fimbo ikunje ungali dukani.

BARAKA: (anacheka) Hiyo nitaiandika kwenye mpini.

SALMA: Andika. Lakini usiikunje kwa kushika ncha na kuivuta kwa mkono, hivyo ndivyo zinavyovunjika. Funga rili, ile gurudumu ya kuzungushia uzi, pitisha uzi kwenye pete zote, mtu ashike mwisho wa uzi akiwa amesimama mbali kidogo mbele yako, kisha wewe uinue fimbo polepole. Tazama mkunjo unaanzia wapi na unashuka hadi wapi ukiongeza nguvu. Ninayoitaka huanza kwenye ncha, ikikazwa inashuka taratibu kuelekea katikati bila kukwama ghafla. Ikifika mahali ikagoma kama imegonga ukuta, irudishe. Kisha itikise: ncha itetemeke kidogo na kutulia. Ikiendelea kuchezacheza muda mrefu, hata kurusha kwake kutakuwa kwa kubahatisha.

BARAKA: Urefu?

SALMA: Futi 7 hadi 7 na inchi 4. Ndefu inarusha mbali na inaokota uzi mwingi kwa mkupuo mmoja. Mfupi wa kimo au anayevua kwenye kayaki ashuke kidogo, hakuna dhambi.

BARAKA: Na uzito wa chambo ulioandikwa kwenye fimbo? Jigi yangu ni nusu aunsi, fimbo inasema mwisho robo tatu. Hapo niko salama.

SALMA: Uko ukingoni. Ile nusu aunsi ni gramu 14, na kwa kawaida ndio uzito wa kichwa. Ongeza bamba, sketi, ndoano, halafu ule mkia wa plastiki laini unaouchomeka nyuma, nao una uzito wake. Umekaribia robo tatu, labda umeipita. Tafuta fimbo inayofika aunsi moja, upumue.

BARAKA: Hili sikuwahi kulifikiri. Kumbe nilikuwa nairusha ikiwa imeelemewa.

SALMA: Imeelemewa, na ni ya tani 40. Una bahati ingali nzima. Mimi niliivunja yangu ya kwanza ya grafaiti na siwezi kumlaumu mtu. Samaki kafika ubavuni mwa chombo, nikainua fimbo wima kabisa, nikitaka kumnyanyua. Kaa! Vipande viwili, na besi anaondoka na ncha. Ukiisimamisha wima, mzigo wote unahamia sehemu nyembamba ya juu, na mgongo wa fimbo hausaidii chochote. Na pengine ilikuwa na jeraha la zamani, maana nilizoea kuiacha sakafuni nikigongagonga risasi juu yake. Grafaiti huweka kinyongo. Unaigonga leo, inavunjika mwezi ujao kwa samaki mdogo.

BARAKA: Na umeme.

SALMA: Eeh, bora umekumbusha. Kaboni inapitisha umeme. Radi zikianza, laza fimbo chini uondoke majini, na usiibebe wima ukipita chini ya nyaya za umeme. Hilo si la jigi peke yake.

BARAKA: Uzi sasa. Wangu wa kusuka niutupe?

SALMA: Usiutupe. Kwa magugu mazito kabisa una kazi yake. Lakini fimbo na uzi vinashirikiana kwenye subira: kimoja kikiwa hakina, kingine kiwe nayo. Uzi wa kusuka uende na fimbo laini zaidi. Flurokaboni, ule uzi mmoja laini usiosukwa, ya paundi 15 hadi 20 inavutika kidogo, kwa hiyo inaweza kusamehe fimbo yenye haraka. Wewe uliweka haraka juu ya haraka.

BARAKA: Rili?

SALMA: Uwiano wa 6.3 mpaka 7.3, yaani ukizungusha mkono mara moja, kibeba uzi kinazunguka mara hizo, basi. Watu wanazungumza sana juu ya rili. Jambo moja tu: ifunge kwenye fimbo hapo hapo dukani uone kama ncha haizami mbele. Ncha nzito inachosha kifundo cha mkono, na mkono uliochoka hausikii mtetemo. Halafu upitishe pamba ndani ya kila pete. Ikinasa, pete ina ufa, itakukatia uzi.

BARAKA: Swali la mwisho, la mtu asiyetaka kutumia pesa mara mbili. Fimbo yangu ninayo tayari. Siwezi kuiokoa?

SALMA: Unaweza, kwa kiasi. Badilisha uzi uwe flurokaboni. Shusha jigi iwe ya aunsi 3/8. Legeza breki ya rili kidogo. Kisha mkono wako: ukisikia amegonga, usipige juu. Endelea kuzungusha rili mpaka uzito ukae, halafu ivute fimbo kwa ubavu, uburute, usichape.

BARAKA: Yaani nimsikie, nisifanye kitu.

SALMA: Uzungushe rili. Hicho ni kitu.

BARAKA: Ni kigumu kuliko unavyokisema.

SALMA: Ndiyo maana wengine hununua fimbo inayokifanya kwa niaba yao. Wiki ijayo ilete hiyo ya tani 40 tuikunje hapa hapa, tuone inapopindia.

BARAKA: Nitaileta. Lakini uzi utaushika wewe, fimbo nitaiinua mimi.

SALMA: Sawa, mradi usiisimamishe wima.