Mashallah Haitoshi

Assalaam alaykum. Wazee wangu, kina bibi, vijana. Wenye kunijua wanajua nitakalolisema. Nimelisema Wete, nimelisema Mkoani, leo nalileta hapa Chake, Pemba hii hii. Kikundi ambacho shairi likishasomwa watu huitikia "mashallah", kisha kahawa ikapitishwa, hicho si kikundi cha washairi. Hiyo ni hitima iliyokosa marehemu.

Na sisi ndio wenye Kamange na Sarahani, washairi wetu wa kale wa Pemba! Wale wakipelekeana mashairi, huyu akitupa, yule akijibu. Abdilatif Abdalla ameshatuhariria kitabu chao tangu 2011, hatuna la kujitetea.

Chukueni shairi la "Kimbunga" la Haji Gora Haji, bwana wa kisiwani Tumbatu. Nyote mnalijua, hata aliyekuwa akitoroka skuli. Kimbunga kimeingia mji wa Siyu, mibuyu ikang'oka, minazi ikanusurika. Tulilisoma barazani kwetu, watu wakaanza: mashallah, fumbo hilo, wakubwa wameanguka, wadogo wamepona. Wameshamaliza, wanatafuta viatu! Mvuvi mmoja akasema, "Ngojeni. Mnazi umekuwa mdogo tangu lini?" Kimya. Akaendelea: mnazi hupinda upepo ukipita, mbuyu umejaa tumbo, haujui kupinda. Basi tukawa hatuzungumzi tena ukubwa na udogo. Bibi mmoja akamkatalia: mbuyu ndio unaopelekewa ubani, kwa hiyo kilichoanguka pale ni kile kilichokuwa kikiogopwa. Kijana akauliza, kwa nini Siyu, huko kisiwa cha Pate, Kenya, na si Tumbatu kwa mtunzi mwenyewe? Mwengine akamrukia: alitaka kina tu, Siyu, huyu, mibuyu. Sawa, nikasema, lakini kina hicho hicho kimempa mtunzi pa kujificha. Ukilitaja la Siyu, nani wa hapa atakushika shati akuulize unamsema nani? Tuligombana mpaka adhana ya Isha, na yule mvuvi hadi leo hajakubali.

Mtaniambia watu watanuna. Wanune! Asiyetaka shairi lake liulizwe alifungie kabatini. Na nyinyi mabingwa wa mizani, mnaohesabu silabi nane kwa nane kwa vidole, mkiipata ya tisa mnanyanyua mkono kama mmekamata mwizi: ahsanteni, kazi hiyo inatakiwa. Lakini mkishahesabu, tuambieni shairi limesema nini.

Nilikuja na maneno juu ya mashairi ya guni, yale yasiyofuata kanuni za vina na mizani, naona wakati umekwisha. Yasomeni tu, hajafa mtu. Kughani je? Sauti nzuri huficha ubeti mbovu, kwa hiyo shairi lighaniwe mara moja, na mara ya pili lisomwe kavu kavu. Mtunzi akae kimya mpaka wenziwe wamalize, asitufafanulie.

Haya, nani ana karatasi mfukoni? Wewe bwana wa kofia, naiona inachungulia. Njoo mbele.