Kadi Kwanza, Kikasha Baadaye

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, mambo. Mwenyekiti amenipa dakika 40 nizungumze juu ya kuchagua na kutumia kicheza muziki cha mfukoni. Nitajitahidi. Kabla sijaanza, mama hapo mbele ana memori kadi mpya, bado imo kwenye karatasi yake, imeandikwa giga 32. Mama, niazime. Naichomeka kwenye laptopu hii, nawasha programu moja ndogo ya bure, inaitwa H2testw, tunaiacha. Msiitazame tazame, itawatoa kwenye mazungumzo.

Kila nikiitwa mahali, swali la kwanza ni lilelile: fundi, ninunue cha kampuni gani? Na jibu langu ni lilelile, wengine humu mmeshalichoka. Hicho kikasha hakina nyimbo. Nyimbo zinakaa kwenye kadi. Mnauliza rangi ya sahani, mchele wenyewe hamjaupepeta.

Marehemu baba aliacha kanda 60 za taarabu, za saa moja moja. Nyingine alizirekodi mwenyewe harusini, redio kaseti juu ya kiti, unasikia vigelegele, unasikia mpaka mtu anaomba maji. Nilikaa miezi mitatu kuzihamishia kwenye kompyuta, maana kanda haina njia ya mkato: ya saa moja hula saa moja. Kwa ubora wa kilobiti 192 kwa sekunde, saa 60 zikawa kama giga 5 hivi. Hebu fikirini kidogo. Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi, na santuri za wakati ule upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu. Mimi nina saa 60 na kitu cha ukubwa wa ukucha. Lazima kichwa kivimbe.

Kompyuta ilikuwa ya kuazima. Nikapanda basi hadi Dar, Kariakoo, nikanunua kadi imeandikwa giga 64, kwa bei ambayo ingepaswa kunishtua. Nikatia kwanza dansi na kaswida, giga 4 na ushei. Kisha kanda za baba zikafuata. Kila faili likaingia, hakuna lililogoma, majina yote yakaonekana. Nikarudisha kompyuta ya watu, wenyewe wakaifuta. Kanda nazo mama akazigawa, maana si nilimwambia mwenyewe kwamba zimeshaingia kwenye mashine?

Idi iliyofuata ukoo umekusanyika, shangazi anataka wimbo uliopigwa harusini kwake. Nabonyeza. Jina linatokea, sauti hakuna. Wa pili, kimya. Wa tatu unakoroma sekunde mbili, unakatika. Narudi kwenye dansi, linapiga vizuri kama vile kunikomoa! Shangazi hakusema neno. Alijitanda kanga yake, akaingia ndani.

Sasa nini kilitokea? Sisi watu wa Tanga tunajua maghala ya mkonge. Ndani ya kila kadi kuna chipu ndogo, hiyo ndiyo karani wa ghala. Kompyuta ikiuliza ghala linabeba marobota mangapi, anayejibu ni yeye. Wahuni huchukua kadi ya giga 4 au 8, wakamfundisha karani aseme 64. Unaleta marobota, anayapokea. Ghala likijaa, bado anapokea, anaandika kwenye daftari, "robota la tano limeingia, la sita limeingia", halafu anayasukuma nje kwa mlango wa nyuma, baharini. Makarani wengine hulitupa lile la sita juu ya lile la kwanza, la kwanza likaharibika. Daftari lenyewe liko mlangoni, sehemu ambayo ni ya kweli, ndiyo maana ukilisoma majina yote yapo. Nilikuwa na orodha kamili ya nyimbo za baba. Orodha tupu.

Kwa hiyo usiniambie "mbona kompyuta yangu imeonyesha 64". Kompyuta imenukuu maneno ya karani. Dawa ni moja: ijaze kadi mpaka juu, kisha uisome yote ulinganishe. H2testw hii niliyoiwasha, ya Windows, ndiyo kazi yake. Wenye Linux au Mac ipo F3, nayo ya bure. Inachukua muda, ndiyo. Mimi nilitumia miezi mitatu.

Naona kijana pale nyuma anacheka na simu yake. Najua unachotaka kusema. Kwamba vitu hivi vimekufa, hata Apple waliacha kutengeneza iPod mwezi Mei 2022, na nyimbo zote ziko mtandaoni. Sawa. Bando likiisha ziko wapi? Mwenye wimbo akiuondoa usiku, asubuhi utamdai nani? Na harusi ile ya shangazi, nani kaipandisha mtandaoni? Halafu simu inaita katikati ya ubeti, na ikizima chaji huna muziki wala huwezi kumpigia bodaboda. Apple kaacha, Sony hajaacha, FiiO hajaacha, na vile vidogo vya Kichina visivyo na jina vipo kila kona. Kile cha kwanza kabisa kuuzwa, MPMan ya Korea ya mwaka 1998, kilikuwa na mega 32. Mega! Nyimbo nane tisa, basi. Leo hata cha bei ya chini, kikitiwa kadi ya giga 32, kinakizidi mara elfu, na bado watu wananiuliza rangi.

Haya, kuchagua. Tafuta chenye tundu la kadi. Tafuta chenye vitufe vya kubonyeza, ili ukiwa ndani ya daladala ubadilishe wimbo mkono ukiwa mfukoni bila kuwaonyesha vibaka. Kiwe kinakumbuka kilipoishia, hasa kwa wanaosikiliza mawaidha au taarabu za robo saa. Kuanza upya kila mara ni adhabu. Kadi isizidi giga 32, maana kuanzia 64 huja na mpangilio wa exFAT, yaani namna kadi inavyopanga mafaili yake, na hivi vya bei nafuu vingi vinasoma FAT32 tu. Utaambiwa "no card" ukadhani umeibiwa tena.

Na mpangilio wa nyimbo. Vingi havifuati alfabeti, vinafuata faili lipi lilitangulia kuingia. Ukinakili rundo zima kwa pamoja, sehemu ya pili ya kisa inaweza kutangulia ya kwanza. Nakili moja moja kwa utaratibu, au tumia programu ya kupanga. Zipe namba: 01, 02, siyo 1, 2, kwa sababu kwa mashine inayopanga kialfabeti 10 hutangulia 2. Na jamani majina! "Track 07", "AUD jipya la mwisho". Andika mwimbaji, kikundi, na mwaka kama unaujua. Mtu atakayelipata baada yako hatakuwa na wa kumuuliza.

Wale wa FLAC, faili lisilopunguza chochote kwenye sauti. Ndugu zangu, nawaheshimu. Kama chanzo ni CD safi na hedifoni ni nzuri, tumieni. Mimi chanzo changu kilikuwa kanda inayovuma kama jiko la mchina; nisingehifadhi ule uvumi kwa ubora wa juu. MP3 ya 192 ilitosha, na hataza zake ziliisha 2017, hakuna wa kumlipa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Betri, naruka. Bluetooth, naruka, kwanza inakula betri. Masikio siruki. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 ni saa 40 kwa wiki, basi. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatika nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Na mnaopandisha sauti ili kuishinda sabufa ya daladala, nunueni hedifoni zinazoziba sikio.

Mama, kadi yako imefika giga 19, bado inaandika. Hapana, usipige makofi, feki nayo ingefika hapo na tabasamu lake. Tungoje ianze kusoma. Wengine mlioleta kadi, foleni ianzie kwenye mlango huu, na kama kuna nyimbo ndani tuzitoe kwanza.