Shimoni Si Njia ya Kupitia Tu

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mmeniomba nizungumze nanyi, vijana mnaosomea kazi ya utalii, juu ya kumtembeza mgeni katika bandari ndogo. Nimechagua Shimoni, kule Kwale karibu na mpaka wa Tanzania, kwa sababu ndipo tunapoharibu zaidi. Gari latoka Diani alfajiri, wageni washushwa gatini, wavishwa jaketi za uokoaji, haoo, hifadhi ya bahari ya Kisite kutazama pomboo. Jioni warudishwa hotelini. Mgeni huyo ukimuuliza Shimoni kuna nini, atakwambia kuna choo.

Sina ugomvi na Kisite. Hifadhi ile ina kilomita za mraba 28 za matumbawe na bahari, na ni marufuku kuvua ndani yake. Pembeni, Mpunguti, uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Lakini mwelezeni mgeni kwamba anapoogelea ndipo wazee wa kisiwa cha Wasini na kijiji chake cha Mkwiro walipokuwa wakivua. Akilijua hilo ataitazama tiketi yake kwa jicho jingine.

Ninachowaomba ni kimoja: mpangieni mgeni siku kwa maji, si kwa saa. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, hukausha mwamba, na watu hutoka kwa miguu kutafuta pweza. Maji mafu, siku maji yanapojaa na kupwa kidogo tu, mkondo hupoa. Kusi, ule upepo wa kusini, ikishika, mwezi wa sita na wa saba, vyombo vidogo vingi havitoki, na samaki hupanda bei. Mgeni aliyekuja wakati huo msimwambie amekosa bahati. Mketisheni na mafundi wa nyavu, maana ndio wakati wa kushona.

Vyombo vikirudi, kaeni karibu na mizani. Hapo kuna somo la uchumi. Mvuvi mwingi hana chombo chake. Chombo na nyavu ni vya tajiri, na samaki lazima amuuzie yeye, kwa bei ambayo mvuvi haipangi. Nguru na kolekole wapanda gari kwenda Mombasa na kwenye mahoteli. Mama karanga, wale wanaokaanga na kuuza mitaani, hugombea wadogo waliobaki. Kwa hiyo mgeni akila samaki wa kukaanga pale pale kijijini, pesa yake inafika mkono ambao hoteli haiufikii.

Sikilizeni na lafudhi. Wavuvi wengi wa upande ule ni Wapemba, ambao wazazi wao walivuka mkondo wa Pemba zamani. Waliishi Kenya miaka na miaka bila kitambulisho, na bila kitambulisho leseni ya uvuvi haipatikani. Ilikuwa 2023 ndipo serikali ilipowatambua kuwa raia. Mtu amezaliwa pwani hii, anaijua miamba yote gizani, lakini kwa karatasi alikuwa mgeni kuliko watalii wenu! Hili mimi huliona kubwa kuliko pomboo.

Pango la watumwa mtalipitia, bila shaka. Liendesheni kwa heshima na msiongeze chumvi. Biashara ya watumwa ilipita pwani hii, na wenyeji wana simulizi pia kwamba pango lilikuwa maficho wakati wa mashambulizi. Simulizieni yote mawili.

Kisha vukeni kwenda Wasini, na kama mgeni ana miguu mizima, mpandisheni chombo cha abiria, sio cha watalii. Atakaa kati ya magunia ya unga na watoto wa shule, na atalipa nauli kama wengine. Kisiwani hakuna gari. Ni mawe ya matumbawe, maji matamu ni ya taabu, watu huyakinga ya mvua. Kina mama wamejenga daraja la mbao juu ya mikoko na bustani ya matumbawe, na kiingilio ni chao. Msikikwepe kwa kujuana.

Mavazi ya stara, kwa wake kwa waume. Picha, omba kwanza. Na kabla hamjashuka chomboni, muulizeni nahodha anarudi saa ngapi, mwelewane vizuri, maana msipoelewana mtalala Wasini.

Haya, nani ana swali?